Harry Ferguson: Mtu aliye nyuma ya jina la trekta

NDUGU msomaji, bila shaka jina la Massey Ferguson si geni machoni pako. Limeandikwa ubavuni mwa boneti nyekundu za matrekta ambayo yamelima na kuvuta matela katika nchi zetu za Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 60. Lakini ukimuuliza mtu Ferguson ni nani, wengi watakujibu kwamba Ferguson ni trekta.

Hata mimi ningejibu hivyo. Nilizaliwa mwaka 1980 katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, karibu na Mpanda, magharibi mwa Tanzania. Wazazi wangu ni Warundi waliokimbia mwaka 1972. Baba alikuwa dereva wa trekta pale makazini, baadaye akawa fundi. Herufi za kwanza nilizozijua sikuzisoma ubaoni. Nilizisoma kwenye boneti ya trekta alilokuwa akiliosha kila Jumamosi. Nilisoma Tanzania mpaka nikamaliza chuo cha ualimu, na mwaka 2009 familia yetu ikarudi Burundi. Leo nafundisha Kiswahili na Kiingereza kusini mwa nchi, si mbali na Ziwa Tanganyika.

Maisha ya Harry Ferguson nimeyafuatilia kwa miaka kadhaa sasa. Sababu yake ni trekta bovu la aina ya MF 135 ambalo baba alilinunua mwaka 2016 kwa bei ya chuma chakavu. Lilikuwa limetelekezwa nyuma ya ghala la mradi uliokwisha kufa. Konrodi moja ilikuwa imekatika na kutoboa ubavu wa bloki ya injini. Mpapai ulikuwa umeota kati ya gurudumu la nyuma na bawa lake. Majirani walicheka. Mdogo wangu wa kiume hakucheka, alikasirika, kwa sababu fedha zile zilikuwa za kuezekea nyumba.

Tangu hapo Jumamosi zetu zilibadilika. Baba, mume wangu, mimi na watoto wetu watatu tulikuwa tukikutana chini ya mwembe, kila mtu na spana yake au kitambaa chake cha kufutia grisi. Kadiri tulivyofungua nati moja baada ya nyingine, ndivyo nilivyozidi kutaka kumjua mtu aliyekifikiri kitu kile mara ya kwanza.

Mtoto wa mkulima asiyependa kulima

Henry George Ferguson, ambaye watu wote walimwita Harry, alizaliwa Novemba 4, 1884 huko Growell, karibu na mji mdogo wa Dromore, kaskazini mwa Ireland. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto 11. Baba yake alikuwa mkulima na mtu wa dini aliyeshika nidhamu kali nyumbani. Harry aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 na kuingizwa shambani, lakini kazi ile hakuipenda hata kidogo. Alikuwa na mwili mdogo, na kulima kwa farasi kwenye udongo mzito wa kwao kulimchosha. Alifikia hata kufikiria kuhamia Kanada.

Safari hiyo haikufanyika. Kaka yake, Joe, alikuwa amefungua gereji ya baiskeli na magari mjini Belfast, na mwaka 1902 Harry akajiunga naye. Huko ndiko alikojitambua. Ilionekana mapema kwamba ana sikio la injini. Gari lililowashinda wengine kulirekebisha, yeye alilifanya liungurume sawasawa. Akaanza pia kushindana katika mbio za pikipiki na magari, jambo lililoitangazia gereji jina.

Kisha akashikwa na homa ya ndege. Mwaka 1909 alikwenda kuangalia maonyesho ya ndege Ufaransa na Uingereza, akarudi Belfast na kuanza kuunda ya kwake. Desemba 31, 1909, huko Hillsborough, ndege hiyo ilinyanyuka na kwenda umbali wa mita 120 hivi. Ni umbali mfupi kuliko urefu wa viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa, lakini ulimfanya Ferguson awe mtu wa kwanza kuruka kwa ndege yenye injini katika ardhi ya Ireland. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Kaka yake aliona michezo hiyo ni ya hatari na inakula fedha za gereji. Wakaachana kikazi, na mwaka 1911 Harry akafungua biashara yake mwenyewe. Miongoni mwa watu aliowaajiri alikuwepo fundi kijana, Willie Sands. Ni haki kumtaja hapa, kwa maana mengi ambayo dunia inampa Ferguson yalipitia mikononi mwa Sands. Mmoja alikuwa na wazo na ulimi wa kulieleza, mwingine alikuwa na mikono ya kuligeuza kuwa chuma. Mwaka 1913 Ferguson alimuoa Maureen Watson, na baadaye wakajaliwa mtoto mmoja wa kike.

Trekta lililokuwa likiua

Ilipofika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilikuwa na upungufu wa chakula. Mwaka 1917 wakuu wa kilimo wa Ireland walimtaka Ferguson azunguke nchini kuwasaidia wakulima kutumia matrekta vizuri zaidi. Akaenda pamoja na Sands. Kijana aliyekimbia shamba akajikuta amerudi shambani, safari hii akiwa na daftari mkononi.

Aliyoyaona hayakumpendeza. Matrekta ya siku zile yalikuwa mazito kupita kiasi, na plau ilifungwa nyuma kwa mnyororo au chuma, kama vile plau inavyofungwa kwa ng'ombe. Kuna tofauti moja kubwa kati ya ng'ombe na trekta. Plau ikikwama kwenye mwamba au mzizi, ng'ombe husimama. Trekta halisimami. Magurudumu ya nyuma yakishindwa kwenda mbele, mwili wote huinuka kuanzia mbele na kupinduka, na dereva hubaki chini yake. Trekta dogo la Fordson, lililotengenezwa na Henry Ford kuanzia mwaka 1917, liliuzwa sana kwa sababu ya bei yake nafuu, lakini liliwaua wakulima wengi kwa njia hiyo.

Hapo Ferguson akapata wazo lililomshughulisha kwa miaka 20 iliyofuata. Trekta na plau visiwe vitu viwili vinavyovutana. Viwe kitu kimoja.

Baba ndiye aliyenifundisha jambo hili kwa vitendo, akiwa amechuchumaa nyuma ya MF 135 letu. Nyuma ya trekta kuna mikono miwili ya chini na mmoja wa juu. Plau inashikwa sehemu tatu, umbo la pembetatu. Udongo unapoikatalia plau, mkono wa juu unasukuma kuelekea mbele, hivyo badala ya trekta kuinuka linakandamizwa chini. Zaidi ya hapo, msukumo huo wa mkono wa juu unafungua na kufunga vali ya pampu ya haidroliki iliyo ndani ya trekta. Udongo ukiwa mgumu, mikono inainua plau kidogo yenyewe, na sehemu ya uzito wa plau inahamia kwenye magurudumu ya nyuma. Ndiyo maana trekta jepesi linaweza kufanya kazi ya trekta zito. Plau ikigonga mwamba, uzito huo unaondoka kwenye magurudumu, nayo yanazunguka bure mahali pamoja. Dereva anabaki hai.

Baba ameendesha matrekta kwa zaidi ya miaka 20. Aliniambia kwamba mara tatu plau yake iligonga kisiki kilichofichika, na mara zote tatu alirudi nyumbani kula. Siku ile nilielewa kwamba mtu yule wa Ireland, aliyefariki miaka 20 kabla sijazaliwa, anahusika na mimi kuwa na baba.

Kupeana mkono na Henry Ford

Wazo lilikuwa zuri, lakini wazo halijengi kiwanda. Mwaka 1925 Ferguson alishirikiana na Wamarekani kutengeneza plau zake katika jimbo la Indiana kwa ajili ya matrekta ya Fordson. Mwaka 1928 Ford akaacha kutengeneza Fordson nchini Marekani, na biashara ya plau ikakosa trekta la kufungwa. Ferguson akaamua kuunda trekta lake mwenyewe. Mwaka 1933 yeye na mafundi wake walilikamilisha la kwanza mjini Belfast, wakalipaka rangi nyeusi. Kuanzia mwaka 1936 kampuni ya David Brown ya Uingereza ikawa inamtengenezea. Yalitoka matrekta kama 1,350 tu, kisha wakatofautiana. Brown alitaka trekta kubwa zaidi, Ferguson alitaka bei ndogo zaidi.

Jambo hilo la bei halikuwa la ubahili. Ferguson aliamini kwa dhati kwamba njaa na umaskini ndivyo vinavyozaa vita, na kwamba mkulima akiweza kulima kwa gharama ndogo, chakula kitakuwa rahisi kwa wote. Aliirudia hoja hiyo kila mahali mpaka wengine wakamchoka.

Oktoba 1938 alivuka bahari akiwa na trekta moja, akalionyesha mbele ya Henry Ford mwenyewe huko Dearborn, Michigan. Ford alikuwa na miaka 75, tajiri kuliko karibu watu wote duniani, lakini naye alikuwa mtoto wa mkulima aliyechukia kutembea nyuma ya farasi. Baada ya majaribio wakakaa mezani. Ferguson alikuwa amebeba kimfano kidogo cha trekta na plau, akakitumia kueleza namna mfumo wake unavyofanya kazi. Ford alielewa upesi.

Wakakubaliana hapo hapo. Ferguson atoe ubunifu wake na asimamie mauzo, Ford atengeneze. Kila mmoja aliweza kuvunja ushirika wakati wowote, bila kutoa sababu. Hapakuwa na mwanasheria wala karatasi. Walisimama, wakapeana mkono. Kutokana na mkono huo likazaliwa trekta la 9N, lililozinduliwa Juni 1939. Siku ya uzinduzi mtoto wa miaka minane alilipanda na kulima mbele ya wageni. Kufikia mwaka 1947 yalikuwa yametengenezwa matrekta takriban 300,000 ya ushirika huo.

Wazee walikubaliana, wajukuu hawakujua

Msomaji, hapa nikiri kwamba niliposoma sehemu hii niliweka kitabu chini.

Mwaka 1972 babu yangu alipokimbia, aliacha shamba la michikichi na mihogo mikononi mwa jirani yake. Walipeana mkono. Jirani alitunze shamba, ale matunda yake, na mwenyewe akirudi alikabidhiwe. Babu alidhani atarudi baada ya miezi miwili. Alizikwa Katumba. Jirani naye alifariki. Tuliporudi mwaka 2009, tuliwakuta watoto na wajukuu wa jirani wamejenga humo na kuzaa humo. Walituambia hawajawahi kusikia habari ya makubaliano yoyote. Kwa miaka mingi niliamini wanasema uongo.

Sasa tazama yaliyompata Ferguson. Henry Ford alizeeka, na mwaka 1945 kampuni ikaingia mikononi mwa mjukuu wake, Henry Ford wa Pili. Kijana huyo alikuta kampuni inapoteza fedha, na biashara ya matrekta ikiwa mojawapo ya matundu zilikovujia. Yeye hakuwepo mezani mwaka 1938. Kwake mkono ule haukuwa na maana yoyote. Mwishoni mwa mwaka 1946 alimpa Ferguson taarifa kwamba ushirika unakwisha, na mwaka 1947 kampuni ya Ford ikatoa trekta jipya la 8N, likiwa na mikono ile ile mitatu na haidroliki ile ile. Mzee Ford alifariki Aprili mwaka huo huo.

Ferguson alifungua kesi mwanzoni mwa mwaka 1948 akidai dola milioni 251. Kesi ilichukua miaka minne, ikala fedha na afya yake. Mwaka 1952 ilimalizwa kwa mapatano. Ferguson alilipwa dola milioni 9.25, na Ford wakatakiwa kuacha kutumia baadhi ya vipengele vya haidroliki yake. Alitangaza kwamba ameshinda. Lakini alikuwa amedai mara 27 ya alichopata, na jambo lililomuuma zaidi halikuwa fedha. Rafiki aliyemwamini alikuwa kaburini, na hapakuwa na ushahidi wa urafiki ule isipokuwa kumbukumbu yake mwenyewe.

Waswahili tuna methali kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ferguson alikuwa mtu wa daftari. Alikuwa nadhifu kupita kiasi, hakuvumilia hata bolti iliyowekwa mahali pasipo pake. Siku moja tu hakuandika, na ndiyo siku iliyomgharimu.

Maisha yake yalinisaidia kuwaona watoto wa jirani kwa jicho jingine. Inawezekana kabisa kwamba hawakuambiwa. Mjukuu wa Ford hakuwa mwizi wa usiku, alikuwa mtu aliyerithi kitu bila kurithi neno lililokuja nacho.

Trekta dogo la kijivu

Ferguson hakungoja kesi iishe. Tayari mwaka 1946 alikuwa amekubaliana na kampuni ya Standard, watengenezaji wa magari, kumtengenezea trekta huko Coventry, katika kiwanda cha Banner Lane kilichotumika wakati wa vita kutengeneza injini za ndege. Safari hii kulikuwa na maandishi. Trekta hilo liliitwa TE20. Lilipakwa rangi ya kijivu na lilikuwa na uzito wa tani moja na kitu tu. Hadi mwaka 1956 yalitoka zaidi ya 517,000, yakasambaa Ulaya, Australia, New Zealand na katika makoloni ya Uingereza. Januari 4, 1958 Edmund Hillary wa New Zealand na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia wakiendesha matrekta ya Ferguson yaliyofungwa minyororo kwenye magurudumu. Yalikuwa magari ya kwanza kufika huko kwa kupita juu ya barafu.

Jambo moja katika historia ya TE20 lilikuja kutusaidia sana nyumbani. Trekta hilo lilianza kutoka kiwandani injini ya Standard ikiwa haijawa tayari, hivyo la kwanza lilifungwa injini ya Continental kutoka Marekani. Baadaye ikaja ya Standard ya petroli, mwaka 1949 ikaja ya mafuta ya taa, na mwaka 1951 ya dizeli. Wakulima wasioridhika walinunua seti za kufunga injini ya Perkins ya silinda tatu. Huko Kansas, Marekani, kampuni ya Funk iliuza vifaa vya kufunga injini kubwa za Ford, hata za silinda nane, kwenye trekta la 8N. Hadi leo Uingereza, Ireland na Marekani kuna familia ambazo mapumziko yao ya mwisho wa wiki ni kufufua matrekta haya, baba na watoto, na wengine huyafunga injini zisizokuwa zake. Wana vyama vyao na mashindano yao ya kulima, na vipuri bado vinatengenezwa.

Nilipomweleza baba habari hizi alifurahi kama mtu aliyepewa ruhusa. Bloki yetu ilikuwa haishoneki. Kule Kasulu, Tanzania, rafiki yake wa zamani alikuwa na injini ya Perkins ya silinda tatu iliyokuwa ikiendesha mashine ya kusaga unga. Mdogo wangu alisema tukiifunga hiyo, trekta halitakuwa Massey tena, litakuwa mashine ya unga yenye magurudumu, na kwamba wanunuzi wa chuma chakavu bado wanapita kila mwezi. Maneno yakawa makali. Wiki mbili hakuna aliyekwenda chini ya mwembe.

Injini ilivuka mpaka wa Manyovu ikiwa juu ya lori la mihogo. Ilipofika, tukagundua kwamba haifungiki hivi hivi. Trekta la ukoo wa Ferguson halina fremu kama lori. Injini, gia boksi na difu vimeungwa kwa bolti, na vyenyewe ndivyo uti wa mgongo. Hata sumpu ya chini ni chuma kizito cha kubeba uzito, wakati injini ya mashine ya unga ilikuwa na sumpu ya bati. Ikabidi tuhamishe sumpu ya zamani, gurudumu tawala la klachi na kifuniko cha mbele, kimoja kimoja, na kupima kila kitu mara mbili. Binti yangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka 13, ndiye aliyekuwa akiandika katika daftari la hesabu kila bolti ilikotoka.

Katika wiki hizo alianza kuja kijana mmoja, rika la binti yangu. Mwanzoni alisimama mbali. Siku ya tatu baba akampa spana bila kumuuliza kitu. Alikuwa kitukuu wa yule jirani wa mwaka 1972.

Mwisho wa safari

Maisha ya Ferguson hayakuisha kwa raha. Mwaka 1953 aliunganisha kampuni yake na kampuni ya Massey-Harris ya Kanada. Walipokaribia kukamilisha mapatano zikabaki dola milioni moja wasizokubaliana. Ferguson akapendekeza warushe sarafu. Ikarushwa, akashindwa, akacheka na kutia saini. Lakini hakuweza kukaa na wakubwa wenzake, na mwaka 1954 akajiuzulu. Mwaka 1958 jina likafupishwa kuwa Massey Ferguson, na mwenye jina hakuwemo tena ndani ya kampuni.

Aligeukia magari, akitafuta namna ya kuyafanya yaendeshwe kwa magurudumu yote manne ili yasiteleze. Gari la mashindano lililotokana na utafiti huo lilishinda mbio za Oulton Park nchini Uingereza mwaka 1961, lakini yeye hakuliona. Kwa miaka mingi alikuwa akisumbuliwa na kukosa usingizi na huzuni nzito iliyokuja na kuondoka. Oktoba 25, 1960 alikutwa amefariki bafuni nyumbani kwake Abbotswood, Gloucestershire, baada ya kutumia dawa za usingizi kupita kiasi. Uchunguzi haukuweza kuamua kama ilikuwa bahati mbaya au makusudi. Alikuwa na miaka 75, umri ule ule aliokuwa nao Henry Ford siku walipopeana mkono.

Kwao wamemkumbuka. Sura yake iliwekwa kwenye noti ya pauni 20 ya benki ya Ireland ya Kaskazini, na karibu na nyumba aliyozaliwa kuna bustani ya kumbukumbu yenye sanamu yake. Lakini naamini kumbukumbu yake kubwa iko kwenye mashamba, katika vyuma ambavyo mtu wa kawaida mwenye spana anaweza kuvifungua, kuvielewa na kuvirudisha.

Trekta letu liliwaka Jumamosi moja ya Julai 2019, baada ya miaka mitatu. Lilitoa moshi mweusi, likakohoa, likatulia. Watoto walipiga kelele. Baba hakutazama injini kabisa. Alizunguka nyuma ambako tulikuwa tumefunga plau ya zamani, akamwambia mdogo wangu apande na kuvuta mtaimbo mdogo wa haidroliki. Plau ikanyanyuka taratibu kutoka ardhini, ikabaki hewani. Baba akaeleza kwamba injini hubadilishwa, lakini hiyo mikono ndiyo Ferguson. Mdogo wangu alikaa juu ya kiti akiishusha na kuipandisha plau mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hajataja tena chuma chakavu.

Mwezi uliofuata familia zetu mbili zilikaa chini ya mwembe ule ule pamoja na mkuu wa kilima chetu. Shamba tulikuwa tumekwisha kuligawana nusu kwa nusu miaka kadhaa nyuma, kwa shingo upande. Safari hii tuliandika pia kuhusu trekta: nani atalima siku gani, nani atanunua dizeli, nani atalipia vipuri, na likiuzwa fedha zigawanywe vipi. Binti yangu aliandika kwa Kiswahili, kijana wa jirani akaandika kwa Kirundi. Watu wazima tulitia saini. Kisha baba akaomba na hao watoto wawili watie saini zao, kwa sababu siku moja sisi hatutakuwepo na wao ndio watakaoulizwa.

Baada ya kuandika tulipeana mikono.